Utani Kwenye Pakiti ya Hina

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka. Unauza unga wa hina ya nywele, na kwenye karatasi ya maelekezo umeandika: "Paka, funga kichwa, kisha kaa kama mwali anayengoja posa." Unaniuliza kama wateja watakudharau kwa utani huo.

Hawatakudharau. Ila niambie, huyo mwali anakaa muda gani? Mafundi wa kompyuta wana kichekesho chao cha siku nyingi. Mwenzao aliingia kuoga na shampuu iliyoandikwa "paka, suuza, rudia", hakutoka tena bafuni, maana hakuna mahali palipomwambia aache. Karatasi yako ina tatizo hilohilo. Kama ni saa 2, andika saa 2, halafu mwali wako mweke baada ya hiyo namba. Mteja mwenye hina kichwani anatafuta namba kwanza, kucheka baadaye.

Pale uliposema unga ukorogwe hadi uwe mzito kama mtindi pameniridhisha sana. Kila jiko linaujua mtindi.

Kwenye glavu, ambapo umeandika tu "vaa glavu", ndipo ungetia utani. Hatua hiyo watu huiruka, kwa sababu hakuna anayewaeleza kitakachowapata. Rangi ya hina hushikamana na ngozi kama inavyoshikamana na nywele. Basi andika: "Vaa glavu, la sivyo wiki nzima utaulizwa harusi ilikuwa ya nani." Msomaji atacheka, na katika kucheka ataviona viganja vyake vimekolea rangi. Utani wa namna hii unafanya kazi kuliko alama tatu za mshangao.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitaki utani hata chembe. Umesema wateja wanaotaka nywele nyeusi unawashauri waongeze piko. Acha, mdogo wangu. Hina peke yake hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia, haitoi nyeusi. Weusi wa piko hutokana na kemikali ya rangi za nywele iitwayo parafenilinidiamini, inayoweza kuchoma na kutoa malengelenge, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kupaka. Mwili ukishaikataa mara moja, huenda ukaikataa maisha yote. Ndiyo maana pakiti za rangi za dukani huagiza ujaribu kidogo kwenye ngozi na kusubiri saa 48. Mstari huo wengi hatuusomi.

Tena lugha yetu yenyewe inatuponza. Saluni dawa ya kulainisha nywele ikianza kuunguza, utasikia, "Vumilia, ukitaka uzuri sharti udhurike." Methali hiyo sina ugomvi nayo kwenye kusukwa, lakini kwenye dawa imewatia wengi vidonda. Maelekezo ya dawa yanasema ikiunguza ioshwe mara moja. Kwenye karatasi yako andika hivyohivyo, kwa maneno machache yaliyonyooka: "Ikiwasha au ikiunguza, osha sasa hivi kwa maji mengi." Usiongeze neno. Mtu anayeungua kichwa hana nafasi ya kutafuta utani unaishia wapi na amri inaanzia wapi.

Ukishamaliza kuandika upya, usichapishe bado. Mtafute shangazi au jirani ambaye hajawahi kupaka hina ya nywele, mpe pakiti na karatasi, kaa pembeni, ufunge mdomo. Najua ni vigumu, utatamani kumwelekeza. Usimwelekeze. Andika anapocheka, andika pia anaposimama, bakuli mkononi, akigeuka kukuuliza, "Sasa hapa nifanyeje?" Mstari aliokuwa akiusoma wakati huo ndio wa kuanza nao kesho asubuhi.