Mota ya mashine ya kusaga imeishiwa nguvu? Kagua rota kabla ya kusuka

Mahindi yameingia, foleni mashineni ni ndefu, halafu mota inachoka: debe moja linachukua muda, uniti za LUKU zinakimbia. Fundi anasema isukwe upya. Sawa, ila kabla hujatoa hela, jua kwamba kusuka kunatibu upande mmoja tu wa mota.

Nyaya za shaba zinazosukwa ziko sehemu ya nje, iliyosimama. Ndani yake inazunguka rota, pamoja na shafti. Rota za mota zetu nyingi hazina nyaya. Zina fito za alumini zilizoungwa kwa pete huku na huku, kama kizimba. Umeme unaozaliwa kwenye fito hizo ndio unaozungusha kinu.

Fito moja ikikatika, kazi yake inabebwa na za jirani. Nazo zinapata moto kupita kiasi, mwisho zinakatika. Hapo nguvu inapungua, mwendo unashuka, mota inatetemeka, na umeme unaoulipia unageuka joto badala ya unga.

Utaitambuaje?

Ubovu huu unajificha mota ikizunguka bila mzigo. Ndiyo maana kwa fundi inaonekana nzima, ukiifunga kwenye kinu inachoka palepale. Kwa hiyo ipimwe ikiwa inasaga.

Kwanza ondoa sababu nyingine: fezi zote tatu zipo? Mkanda hautelezi? Nyundo za kinu hazijaisha? Mahindi yamekauka?

Kisha fundi umeme apime ampia kwa mita ya mshale, mahindi yakimiminwa sawasawa. Chukua mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika. Kwa umeme wetu wa hezi 50, sumaku yake inazunguka mara 1,500, rota inafuata nyuma kwa 50. Fito zikiwa zimekatika, mshale unacheza kwa mpigo, mara 3 hivi kwa sekunde, na mngurumo unapanda na kushuka pamoja nao. Usifungue mota mwenyewe.

Kinga

- Usiwashe kinu kikiwa na mahindi ndani. Wakati wa kuwaka mota huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida.
- Ikikwama, zima haraka, toa mahindi, acha ipoe. Usiwashe-washe.
- Badilisha beringi mapema. Ikilegea, rota inasugua sehemu ya nje.

Rota ya alumini iliyokatika kwa kawaida haiungiki ikadumu. Tafuta rota inayolingana kabisa, au ulinganishe gharama na bei ya mota nyingine. Ukiisuka mota yenye rota mbovu, utalipa mara mbili na foleni itahamia kwa jirani.