Usalama wa Vidhibiti vya Maji na Umeme: Somo kwa Vituo vya Afya

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine kwa muda wa saa 4 huhitaji takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Mahitaji haya huanzia nje ya wodi, kwenye pampu na swichi ambazo siku hizi huendeshwa na kompyuta ndogo ziitwazo vidhibiti.

Kidhibiti hupokea vipimo vya shinikizo, joto au kina cha maji, kisha huamuru pampu iwake au izime. Vidhibiti vingi vilibuniwa vitumike ndani ya uzio wa mtambo, ambamo fundi pekee ndiye aliyeweza kuvifikia. Ndiyo maana vingi havithibitishi anayetoa amri ni nani. Vinapounganishwa na intaneti ili fundi avisimamie akiwa mbali, njia hiyo hiyo yaweza kutumiwa na mdukuzi.

Tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi waliingilia kampuni tatu za kusambaza umeme nchini Ukraine na kuwakatia umeme wateja wapatao 225,000. Maandalizi yao yalianza miezi kadhaa kabla, kwa barua pepe zilizobeba viambatisho vyenye programu hasidi. Umeme ulirejea baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono.

Novemba 2023, kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji huko Aliquippa, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilidukuliwa. Vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa wazi kwenye intaneti, na baadhi vilikuwa bado na neno la siri lililowekwa kiwandani. Watumishi walikizima na kuendesha pampu kwa mikono. Wakazi hawakukosa maji.

Matukio haya mawili yanafundisha kwamba kinga ina sehemu mbili: kufunga njia ya kuingilia, na kudumisha uwezo wa kufanya kazi pasipo kidhibiti. Kituo cha afya chaweza kuchukua hatua zifuatazo:

1. Kuorodhesha kila mtambo unaofikiwa kwa intaneti: jenereta, mtambo wa oksijeni, majokofu ya chanjo na pampu za maji.
2. Kubadilisha maneno ya siri ya kiwandani, na kuondoa kwenye intaneti kila kidhibiti kisicho na haja ya kuwamo.
3. Kutenganisha mtandao wa mitambo na ule wa kompyuta zinazopokea barua pepe.
4. Kufanya mazoezi ya kuendesha mitambo kwa mikono, hata zamu ya usiku, na kubandika ukutani maelekezo na mahali ilipo mitungi ya akiba.

Mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani asiizime kwa hofu ya udukuzi. Amuulize mhudumu wake mapema: umeme ukikatika, nitumie nini, kwa muda gani, na nimpigie nani simu? Mhudumu ampe majibu hayo kwa maandishi kabla hajaondoka kliniki, kwani umeme ukishakatika, muda wa kuyatafuta utakuwa mfupi mno.