Kwa Nini Injini ya Motakaa Huchemka Mara kwa Mara?

Madereva wengi, injini ichemkapo, huongeza maji tu, kisha huendelea na safari. Kufanya hivyo si kuondoa ugonjwa. Yafaa kutafuta chanzo chake kwa taratibu.

Kwanza, zima injini, ungoje ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, maana mvuke waweza kukuunguza vibaya uso na mikono.

Pili, tazama maji. Yakiwa yamepungua, tafuta mahali yavujapo: kwenye mipira, rejeta au pampu. Ikiwa hayavuji, na moshi mweupe hutoka mfululizo katika bomba la nyuma, huenda gasketi ya silinda imeungua.

Tatu, maji yakiwa yamejaa, angalia ni wakati gani gari huchemka. Likichemka lisimamapo au liendapo polepole, shuku feni au ukanda wake. Likichemka lipandapo mlima, shuku rejeta iliyoziba. Likichemka punde baada ya kuwashwa, shuku thamostati isiyofunguka.

Mwisho, kagua kifuniko chenyewe. Mjini Nairobi maji huchemka kwa kadiri ya digrii 95, wala si 100 kama Mombasa. Kifuniko kizima huyatia maji shinikizo, yasichemke upesi. Kikilegea, kibadilishe mara moja. Bei yake ni ndogo mno kuliko gharama ya kutengeneza injini iliyokwama.