SOMO LA LEO: Mkia wa linki ya WhatsApp, mteja afike ameshataja anachotaka

Leo tunaongelea linki ya WhatsApp, ile unayoweka chini ya tangazo ili mteja abonyeze akufikie moja kwa moja.

Hali hii unaijua. Ni Juni, baridi ya Njombe imeshika kwelikweli, umetupia picha kumi na mbili za masweta. Jioni unafungua simu, meseji zimejaa: "bei?", "hii ipo?", "nataka hii". Hii ipi sasa? Unamuuliza, anajibu baada ya saa mbili, wewe umeshalala. Asubuhi ameshanunua kwa mwingine. Mteja hana kosa. Linki yako imemfungulia chati tupu, naye kaandika kifupi kama watu wote tunavyoandika.

Dawa yake ni bure, haihitaji kuwa na tovuti wala kumlipa fundi. Twende kazi.

1. ANZA NA LINKI TUPU

https://wa.me/2557XXXXXXXX

Pale penye X weka namba zako. Namba inaanza na 255, ile sifuri ya mwanzo unaitoa. Usiweke alama ya kujumlisha, nafasi wala kistari katikati ya namba. Mtu akibonyeza anaingia kwenye chati yako hata kama hajaseviwa namba yako.

2. ONGEZA MKIA

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20naomba%20sweta%20S12

Kuanzia alama ya kuuliza kwenda mbele ndiyo mkia. Wataalamu wanauita parameta. Neno text ni jina la kisanduku, alama ya sawasawa inasema "weka humu", halafu kinachofuata ndiyo meseji. Mteja akibonyeza anakuta imeshaandikwa "Habari, naomba sweta S12". Kazi yake ni kubonyeza kutuma tu. Akiwa na la kuongeza, anaongeza.

Jambo la kushika hapa: mkia huu ni wa hiari. Ukiukata, linki bado inafungua chati yako. Lakini siyo kila mkia uko hivyo. Angalia linki ndefu ya video ya YouTube: ile v= na herufi zake ndiyo inayotaja video, ukiikata video hupati. Ikiwa na t=90, hiyo inasema video ianzie sekunde ya 90 tu; ukiikata, video inaanza mwanzo, hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo kabla hujakata au kuongeza kitu kwenye linki yoyote, jiulize: hiki ni cha lazima au cha hiari?

Halafu ukitoa namba ukaacha mkia peke yake, yaani https://wa.me/?text=Habari, WhatsApp inamuuliza mtu achague wa kumtumia. Hiyo inafaa kwa "mwambie na rafiki yako".

3. ALAMA ZINAZOKATA MESEJI

Linki haipendi nafasi wala baadhi ya alama. Ziandike hivi:

- nafasi: %20
- mstari mpya: %0A
- alama ya &: %26
- alama ya kuuliza ndani ya meseji: %3F
- alama ya #: %23

Hii & ndiyo inayosumbua wengi. Kwenye linki, & maana yake "hapa kinaanza kisanduku kingine". Ukiandika "sweta & kofia" bila kuibadilisha, meseji inafika "sweta" na kofia imebaki njiani. Mteja alitaka viwili, wewe unamfungia kimoja. Njia rahisi zaidi ni kuandika "na".

4. LINKI 50 KWA FOMULA MOJA

Kama una bidhaa nyingi, usiandike moja moja, utachoka na utakosea. Fungua Google Sheets. Safu A andika bidhaa na namba yake, B rangi, C saizi. Kwenye D2 weka hii:

="https://wa.me/2557XXXXXXXX?text="&ENCODEURL("Habari, naomba "&A2&IF(B2="",""," rangi "&B2)&IF(C2="",""," saizi "&C2))

Kisha ivute kushuka chini. ENCODEURL inakuwekea zile %20 zote yenyewe. Zile IF ndiyo utamu wa somo. Zinasema: kama rangi haipo, usiitaje kabisa, kama ipo, itaje. Hivyo hivyo kwa saizi. Matokeo yanakuwa hivi:

- sweta S12, nyekundu, L: "Habari, naomba sweta S12 rangi nyekundu saizi L"
- mche wa parachichi P03, rangi hakuna, saizi hakuna: "Habari, naomba mche wa parachichi P03"

Bila IF, mtu wa miche angetuma "naomba mche wa parachichi P03 rangi saizi". Anajiuliza rangi ya mche ni ipi tena, anaona kama duka la kubahatisha, anaondoka.

Angalizo: ukikopi fomula kutoka kwenye posti, zile alama za kunukuu mara nyingine zinakuja zimepinda na fomula inagoma. Zifute uziandike upya kwa mkono.

5. UJUE MTEJA KATOKEA WAPI

Ongeza herufi moja kwenye namba ya bidhaa. S12F ni tangazo la Facebook, S12M ni kundi la WhatsApp la Makambako, S12N ni kundi la Njombe. Sweta ni lile lile, linki ni tatu. Kila oda ikiingia, andika herufi yake kwenye daftari. Mwisho wa mwezi hesabu. Kama unalipia tangazo na F zimeuza mbili, huku M ambayo ni bure imeuza kumi na tano, hela yako inajieleza yenyewe ipelekwe wapi.

Kwa Instagram kumbuka kwamba linki iliyo kwenye maelezo ya posti haibonyezeki. Iweke kwenye wasifu au kwenye stori.

6. MKIA NI DOKEZO, SIYO USHAHIDI

Hapa soma taratibu, maana ndipo hela inapopotelea.

Kitu chochote kilichomo kwenye mkia mteja anaweza kukibadilisha kabla hajatuma. Kwa hiyo usiweke bei humo. Ukiandika "sweta S12 kwa 25,000", mtu anafuta anaandika 20,000, na msaidizi wako dukani anaona meseji ina muundo wa duka, anapokea hela. Hata bila mtu mjanja, linki inaishi muda mrefu. Uliyotuma Juni inasambazwa Septemba, bei imeshapanda, nayo bado inasema ya zamani. Bei itoke kwenye daftari lako, mkia utaje bidhaa tu.

Mahali pia usipaamini. Herufi M inakwambia linki ilianzia kundi la Makambako, haikwambii mteja yuko Makambako. Watu wanaforwadi. Na Makambako ni njia panda: barabara moja inakwenda Njombe na Songea, nyingine Mbeya, nyingine Iringa na Dar. Mzigo wa mtu wa Mafinga ukiupandisha gari la Songea kwa sababu ya herufi moja, nauli ya kuurudisha inakula faida yote, na mteja ameshakuandika vibaya kwenye makundi. Kila oda muulize: "Uko wapi, na mzigo upokelewe stendi gani?" Akijibu ndiyo ufunge.

Cha tatu, usiweke jina, namba ya simu au anwani ya mteja kwenye linki. Linki inasambaa, na wewe huwezi kuirudisha. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, mteja akiona namba yake inazunguka kwenye makundi, harudi kwako.

KABLA HUJATUPIA, JARIBU HIVI

- Bonyeza linki kwa simu nyingine, siyo yako.
- Soma meseji yote mpaka mwisho, uone haijakatwa.
- Kata mkia wote, bonyeza tena. Chati ifunguke. Isipofunguka, kasoro iko kwenye namba.
- Jaribu bidhaa moja yenye rangi na saizi, na moja isiyo nazo.

Kama unatumia WhatsApp Business, ndani yake kuna linki fupi ya duka, nayo unaweza kuiwekea meseji. Ni nzuri kwa kubandika ukutani au kwenye mfuko. Tatizo ni kwamba meseji ni moja kwa wote, haikwambii sweta lipi. Itumie kwa duka zima, na hizi za mkia kwa bidhaa moja moja.

ZOEZI: chukua bidhaa zako tano zinazotoka sana, zipe namba, tengeneza linki tano leo hii. Ukikwama, andika kwenye maoni umefika hatua ya ngapi na linki inaonyesha nini, ila ficha namba yako. Tutasaidiana hapa hapa. Mtumie na mwenzako anayejibu "hii ipi?" kutwa nzima. Biashara njema.