Somo la mwezi: Kuielewa hati ya mshahara na makato yake

Mwisho wa mwezi, mtaani Kaloleni kama kwingineko Kisumu, malalamiko hufika nyumbani kabla ya mshahara. Mmoja amekatwa pesa asizozielewa. Mwingine amelipishwa upungufu wa dukani ambao anajua hakuusababisha. Wa tatu amempeleka mtoto hospitalini akaambiwa malipo yake ya SHA hayaonekani, ilhali kila mwezi anakatwa. Kila mmoja ana hasira zake, lakini wote watatu wanapaswa kuanzia kwa karatasi moja, nayo ni hati ya mshahara.

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri atoe hati inayoonyesha mshahara wote kabla ya makato, kila kato na sababu yake, na kiasi kinachobaki. Ujumbe wa simu wa kusema pesa zimeingia hautoshi, kwa sababu hauonyeshi kilichotolewa njiani.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa dukani anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani Sh550. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, sawa na Sh300, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. NSSF ni asilimia 6, sawa na Sh1,200, na hapo pia mwajiri huchangia sawa na mfanyakazi. Kwa SHIF mwajiri haongezi chochote. Kodi ya mapato kwa mshahara huo haitozwi, kwa kuwa nafuu ya Sh2,400 kila mwezi huimeza yote. Mkononi zinabaki Sh17,950. Zikipungua hapo, lazima kuwe na mstari mwingine kwenye hati unaoeleza zimeenda wapi.

Ugomvi mwingi kati ya wafanyakazi huanza wanapolinganisha hati zao. Wakati wa NHIF, mwenye Sh20,000 alikatwa Sh750, na mwenye Sh100,000 alikatwa Sh1,700. Tangu SHA ichukue nafasi hiyo Oktoba 1, 2024, wa kwanza hukatwa Sh550 na wa pili Sh2,750. Kwa hiyo msimamizi anayelalamika kwamba bima imepanda anasema kweli, na mfagiaji anayesema imeshuka naye anasema kweli. Hakuna aliyependelewa na karani wa mishahara.

Kato linaloharibu urafiki zaidi ni la upungufu wa pesa. Katika maduka, hoteli na vituo vya mafuta, hesabu ya jioni ikikosa Sh3,000, msimamizi huzigawa kwa watu sita waliokuwa zamu, Sh500 kila mmoja. Kuanzia siku hiyo kila mtu humtazama mwenzake kwa jicho la shaka, na aliyekuwa jikoni siku nzima hulipa sawa na aliyeshika pesa. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 19 kinaruhusu kato la upungufu wa pesa pale tu upungufu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi mwenyewe, tena awe ni mtu ambaye mkataba wake unataja waziwazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Mpishi hayumo. Msafishaji hayumo. Hata keshia mwenyewe hakatwi kwa dhana tu. Methali ya samaki mmoja akioza hupendwa sana na wasimamizi, lakini haimo katika Sheria ya Ajira.

Dawa ya ugomvi huo ni ya kawaida kabisa: kila anayeshika sanduku la pesa alihesabu mbele ya anayempokea, na wote wawili watie sahihi. Daftari la Sh50 limeokoa ajira nyingi.

Udhamini wa mikopo ya sacco ni jambo tofauti. Mfanyakazi aliyetia sahihi kumdhamini mwenzake, kisha mwenzake akaacha kazi na kuhamia mji mwingine bila kulipa, anaweza kukatwa kihalali kwa sababu alikubali kwa maandishi. Hapo hakuna afisa wa kumlaumu. Hata hivyo, makato yote yakijumlishwa, ya serikali na ya mikopo, hayapaswi kupita theluthi mbili za mshahara. Mwenye Sh20,000 lazima apokee angalau Sh6,667.

Sasa hospitali. Wakaazi wengi hukasirika wakifika hospitali kubwa na kikohozi au homa na kuambiwa walipe, wakati wanakatwa SHIF. Mpango wa SHA umegawa huduma. Matibabu ya kawaida ya kwenda na kurudi yamewekwa katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, na yanalipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Huko anayehitajika ni mtu aliyejisajili tu, hata kama hajachangia shilingi. SHIF hutumika zaidi katika ngazi ya 4 hadi ya 6, kama vile mgonjwa anapolazwa au kufanyiwa upasuaji. Anayeanzia Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa ugonjwa ambao zahanati ingetibu, hujiongezea foleni na gharama.

La pili ni familia. Mchango wa mfanyakazi humhudumia yeye, mume au mke wake, na watoto, lakini ni lazima waongezwe kwenye akaunti yake. Mama mzazi aliye Seme au Nyakach hamo. Yeye hujisajili kivyake na mchango wake hukadiriwa kulingana na mapato ya nyumba yake. Ni afadhali jambo hili lijulikane leo kuliko usiku wa kumpakia mgonjwa kwenye gari.

La tatu ndilo zito. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ya SHIF kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wapo wanaokata na kukaa na pesa. Mfanyakazi hajui mpaka siku ya kulazwa, na hospitali haiwezi kuikubali hati ya mshahara badala ya malipo. Kwa hiyo, baada ya tarehe 9, mfanyakazi apige *147# kwenye simu yake na kuangalia hali ya malipo. Hata simu ndogo ya vibonyezo inafaa. Mwajiri anayekata na kutowasilisha anatenda kosa chini ya kifungu hichohicho cha 19, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Anayegundua tatizo aanze kwa kuuliza ofisi ya mishahara kwa maandishi na abaki na nakala. Makosa mengi ni ya nambari ya kitambulisho iliyoandikwa vibaya, na hurekebishwa siku hiyohiyo. Asipojibiwa, aende kwa afisa wa leba hapa Kisumu akiwa na hati za mshahara, mkataba kama upo, taarifa ya benki au M-Pesa, na majibu ya *147#. Wengi huogopa kufutwa. Kifungu cha 46 kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, ila kama malalamiko yenyewe hayana msingi wowote. Shauri likishindikana hapo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Kisumu, na kwa kawaida madai hupelekwa ndani ya miaka mitatu. Hati za zamani, kwa hivyo, zisitumiwe kuwashia jiko.