Mnara na Antena: Tofauti Unayopaswa Kuijua Kabla ya Kutia Saini

Mtumiaji wa huduma za mawasiliano anapofuatwa ili apangishe kiwanja au paa lake, huambiwa kwamba utajengwa "mnara". Kwa kawaida mnara wenyewe hautoi mawimbi. Kazi yake ni kubeba. Kinachotuma na kupokea mawimbi ya redio ni antena zilizofungwa juu yake. Kila kimoja kina tahadhari zake, hivyo ni vyema kuvitambua vyote viwili.

Aina za antena

Antena ya kijiti husambaza mawimbi pande zote. Hutumika sana katika redio za upepo.

Antena bapa ni zile ndefu zenye umbo la boksi jembamba, zinazoonekana kwenye minara ya simu. Mara nyingi hupangwa katika makundi matatu, kila kundi likihudumia takriban nyuzi 120 za duara. Mawimbi yake huelekezwa mbele na kuinamishwa chini kidogo, mfano wa mwanga wa kurunzi. Kwa sababu hiyo, aliye chini ya mnara hupata mawimbi hafifu kuliko aliyesimama mita chache mbele ya antena, kwa kimo kilekile.

Antena ya dishi, ambayo nyingine hufanana na ngoma, huunganisha mnara mmoja na mwingine kwa mwale mwembamba. Jengo likijengwa katikati ya njia yake, mawasiliano huweza kukatika.

Antena ya televisheni yenye vijiti kama miiba ya samaki huelekezwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Uzimaji wa mitambo ya analojia, ulioanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, haukuiondolea kazi: bado hutumika pamoja na king'amuzi cha mfumo wa ardhini.

Aina za vibebeo

Mnara wa miguu mitatu au minne hujisimamia wenyewe na huhitaji msingi imara.

Mlingoti wa nyaya ni mwembamba na hushikiliwa na nyaya za chuma zilizofungwa ardhini mbali na shina lake. Anayepangisha aulize nyaya zitafika wapi, kwani eneo hilo lote litakuwa na masharti. Ni hatari kulima au kuchimba karibu na vishikizo vyake, au kufunga mifugo kwenye nyaya hizo.

Nguzo moja huchukua eneo dogo, na hufaa mijini.

Paa la ghorofa hubeba antena kwa nguzo fupi. Hapa ndipo penye hoja nzito zaidi, kwa kuwa anayepanda kuanika nguo au kutengeneza tangi la maji huweza kujikuta mbele ya antena. Dai uzio, alama za tahadhari, na uthibitisho wa mhandisi kwamba jengo linamudu uzito huo.

Milingoti ya redio ya masafa ya kati ni ya pekee: chuma chote ndicho antena, na kukigusa huweza kuunguza vibaya. Usivuke uzio wake.

Kuhusu mionzi

Mawimbi haya ni mionzi isiyoayonisha, tofauti na eksirei. Athari yake iliyothibitika ni kupasha mwili joto yanapozidi kiwango. Ukomo wa kimataifa wa ICNIRP kwa wananchi ni wati 4.5 kwa mita ya mraba katika masafa ya megahezi 900, na wati 10 kuanzia megahezi 2,000. Mwenye shaka asitegemee uvumi; aombe kipimo. Nchini Tanzania, upimaji wa mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Kabla ya kutia saini, uliza:

1. Ni kibebeo cha aina gani, na kitachukua eneo kiasi gani?
2. Antena zitaelekea wapi, na nani anaweza kufika mbele yake?
3. Vibali vya ujenzi, mazingira na usalama wa anga viko wapi?
4. Kinga ya radi itawekwaje, na nani ataikagua?
5. Mkataba ukiisha, nani atabomoa?

Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Ukiwa na lalamiko, lifikishe kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi. Usiporidhika, liwasilishe kwa Mamlaka ukiwa na nakala.