Chombo Kimoja Hakioni Kila Kitu: Namna ya Kulinganisha Spektromita za Leza



Ndugu zangu, huenda mkashangaa mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu kuandika kuhusu vyombo vya maabara. Sababu yangu ni moja. Katika fiqhi ya mauziano tunasoma gharari, yaani kuuziana kitu ambacho sifa zake hazijulikani. Siku hizi sifa za jiwe la madini hutajwa na mashine, na muuzaji na mnunuzi wote hutegemea namba inayotokea kwenye kioo chake. Ni haki yetu kujua namba hiyo inatoka wapi.

Mashine ya leza hupiga nukta ndogo juu ya jiwe kwa mpigo mfupi wenye nguvu. Chembe chache za jiwe hugeuka plazma, yaani gesi ya moto mkali inayong'aa. Kila elementi iliyomo hutoa mwanga wa rangi zake maalumu. Spektromita huutawanya mwanga huo kama matone ya mvua yanavyotawanya mwanga wa jua, kisha kihisi husoma ni rangi zipi zimo na zina nguvu kiasi gani. Kila rangi hutambulika kwa urefu wa wimbi lake, unaopimwa kwa nanomita.

Ukitaka kulinganisha spektromita mbili, uliza maswali matatu.

La kwanza: inaona kutoka wapi mpaka wapi? Mstari mkuu wa lithiamu uko nanomita 670.8, kwenye wekundu. Mstari wa kaboni unaotumika kupima chuma cha pua uko karibu na 193, kwenye urujuanimno, ambako hewa yenyewe humeza mwanga. Ndiyo maana mashine za kupima kaboni hupuliza gesi ya agoni mahali leza inapopiga. Spektromita inayoona 200 hadi 400 tu haipati hata mmoja kati ya mistari hiyo miwili.

La pili: inatenganisha vipi mistari iliyo jirani? Sodiamu ina mistari miwili, 589.0 na 589.6. Chombo kisichoweza kutenganisha nanomita moja kitaiona kama mstari mmoja mnene. Kwa sodiamu hilo si tatizo kubwa. Lakini chuma kina maelfu ya mistari, na elementi iliyojificha katikati yake inaweza kusomwa zaidi au pungufu.

La tatu: inaweza kusubiri? Plazma inapozaliwa hutoa mwanga mweupe unaofunika kila kitu. Baada ya takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde, weupe hufifia na mistari hujitokeza. Kihisi chenye uwezo wa kufunguka kwa wakati huo hasa huona vizuri zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Kihisi cha kawaida hupokea vyote pamoja.

Sasa tuzilinganishe. Spektromita ya Czerny-Turner ni ndogo, rahisi na hupitisha mwanga wa kutosha, ila ukitaka upana huna budi kupunguza utenganishaji. Ya esheli hukupa vyote viwili kwa mara moja, lakini hupoteza mwanga mwingi na huyumbishwa na mabadiliko ya joto. Ya Paschen-Runge hupanga vihisi kwenye duara. Ni imara na sahihi, inafaa kiwandani, lakini ni kubwa na nzito.

Wanaotumia Czerny-Turner mara nyingi huunganisha kadhaa. Chombo cha ChemCam, kilichotua Mars mwaka 2012 juu ya gari la Curiosity, kina spektromita tatu zinazogawana mwanga kuanzia nanomita 240 hadi karibu 900, na hupima mawe yaliyo umbali wa hadi mita 7.

Turudi nyumbani. Manono, kusini-mashariki mwa Kongo, palichimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji. Leo panatajwa kwa lithiamu. Mashine ya mkononi ya eksirei, inayopendwa na wanunuzi wa bati na koltani, haiwezi kuona lithiamu, kwa kuwa eksirei zake ni dhaifu na humezwa kabla ya kufika kwenye kihisi. Leza huiona kwa urahisi, hata kwa spektromita ndogo, mradi inafika 670.8. Hatari ni kwamba mashine isiyoona haisemi "sijui". Hukaa kimya tu, na mwenye jiwe akaambiwa halina kitu.

Hata chombo kizuri kina sharti. Leza hugusa nukta isiyofika milimita moja, kwa hiyo jiwe lisagwe, lichanganywe na lipigwe mara nyingi. Tena mashine isahihishwe kwa sampuli za jiwe la aina hiyohiyo ambazo kiasi chake kinajulikana. Mashine iliyosahihishwa kwa chuma isitolee hukumu udongo.

Basi ndugu yangu, ukiletewa namba, usiulize kwanza mashine imenunuliwa shilingi ngapi. Uliza inaona wapi, inatenganisha nini, na imesahihishwa kwa kitu gani. Na wewe unayesoma fizikia au kemia, ukae karibu na wachimbaji wadogo uwafafanulie haya, kwani wao ndio wanaoumia jiwe lao linapopimwa kwa chombo kisichofaa.

Wabillahi tawfiq.